Barua kutoka Kongwa kwenda Nachingwea

Kongwa, Dodoma
Juni

Mwalimu mwenzangu, ndugu yangu,

Mbukwa! Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu na bado anauliza ni lini utakuja kula ugali wa uwele kwa mlenda kama ulivyomwahidi. Tumevuna, si haba. Mvua zilikatika mahindi yakiwa yanachanua, ziliporudi yalikuwa yameshanyauka. Mtama, uwele na alizeti ndivyo vilivyotubeba.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza. Umesema umekabidhiwa klabu ya wanafunzi, uwafundishe amani, uraia wa dunia na maendeleo endelevu, na kwamba ulichopewa ni bango lenye yale malengo 17 ya Umoja wa Mataifa na maelekezo kuwa wanafunzi wayajue. Unataka kujua uanzie wapi.

Nakuomba hilo bango usilitundike kwanza. Sina ugomvi na malengo yenyewe. Yalipitishwa Septemba 2015, nchi yetu ikiwemo, na kile kipengele cha 4.7, cha lengo la elimu, kinataka ifikapo 2030 kila anayesoma awe amepata maarifa na stadi za kuendeleza haki za binadamu, usawa wa jinsia, utamaduni wa amani na uraia wa dunia. Ni maneno mazito na ninayaamini. Ila nimeona yanavyofundishwa. Niliwahi kuhudhuria semina ambapo vijana walipangwa mstari, kila mmoja akataja lengo lake kwa namba, tukapiga makofi, tukagawiwa soda, tukaondoka. Binti aliyetaja lengo la 6, la maji safi na salama, alikuwa ameamka saa kumi alfajiri kwenda kuchota maji kabla ya kuja pale. Hakuna aliyemuuliza lolote. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Wewe na mimi tuna bahati ambayo walimu wengi hawana. Hebu ziangalie hizi sehemu zetu mbili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, wakaamua kulima karanga Tanganyika katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo, na hapo hapo Nachingwea ulipo. Kazi ilianza hapa kwetu mwaka 1947. Mpango ulikuwa kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu. Yaliletwa matrekta kwa mamia, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu ikawashinda. Mvua, ambazo hawakuwa na kumbukumbu zake za kutosha, hazikuja walivyozipanga. Na udongo wetu unaujua: kiangazi unakuwa kama saruji, jembe likigonga linaruka. Karanga zilizokuwa ardhini zikakosa wa kuzing'oa. Januari 1951 serikali yao ilitangaza kuuacha mpango, pauni milioni 36 zikiwa zimeshateketea. Kwenu ikabaki bandari ya Mtwara, na ile reli ya Nachingwea ambayo nayo ilikuja kung'olewa miaka ya 1960.

Haya yote yameandikwa na mwanafunzi anaweza kuyakariri kama anavyokariri malengo. Mimi niliwapeleka kidato cha pili kwenye shamba la shule mwezi wa Septemba, jua la saa tano, nikawaambia kila kundi lichimbe shimo la kina cha goti. Walichimba weee, wakachoka. Wengine waliishia kwenye kifundo cha mguu. Ndipo nikawakalisha chini ya mti nikawasimulia habari za matrekta. Kijana mmoja aliyekuwa anajifuta jasho akauliza, "Kwa hiyo hawakumuuliza hata babu mmoja?" Nikamwambia nenda wewe ukamuulize.

Wakaenda, kila mmoja kwa mzee wa kwao. Walirudi na mengi kuliko nilivyokuwa nayo mimi mwenye shahada. Mbegu ipi ya uwele inawahi, ndege gani akilia wanajua mvua iko karibu, korongo lipi linajaa kwanza. Bibi mmoja alimwambia mjukuu wake kwamba karanga zililimwa hapa tangu zamani, ila kila mama na kipande chake, katikati ya mtama, na si nchi nzima karanga tupu. Huyo bibi hajawahi kusikia maneno maendeleo endelevu. Nilimwomba mtoto alisimulie darasa zima jibu lake, akalisimulia huku amesimama wima.

Lakini usiwaache waondoke wakidhani kwamba kila kitokacho nje ni kibaya na kila cha babu ni sawa. Hapo ndipo nikawapeleka kwa mkulima jirani anayefanya kisiki hai. Umeshaiona hiyo kazi? Shambani mmebaki visiki vya miti iliyokatwa zamani, mizizi yake bado mizima, inachipua kila mvua na kila mwaka tunafyeka machipukizi tukidhani ni magugu. Mkulima anachagua kisiki, anaacha machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, mengine anayapogoa, kisha anafunga kitambaa ili mchungaji na mpita njia wajue kwamba kisiki hicho kina mwenyewe. Hakuna kitalu wala kumwagilia. Baada ya misimu michache una mti, una kivuli, una kuni za matawi, na majani yanashika unyevu. Yule mkulima aliwaacha wanafunzi wafunge vitambaa wenyewe. Halafu nikawaambia kwamba njia hii ilisambazwa kwanza miaka ya 1980 huko Niger, kwa wakulima wa Maradi, kwenye ukame mkali kuliko wetu. Wakataka kujua Niger iko wapi. Nilifungua ramani na wakaja mbio, kitu ambacho sijawahi kukiona kipindi cha Jiografia. Walikuwa wanamtafuta mtu aliyewasaidia.

Niseme jambo moja kwa msisitizo kwa sababu najua shule zetu. Usiwapeleke shambani kwa adhabu. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba la shule liwe sehemu ya kufikiri: wanafunzi wapange, wapime, waone matokeo ya uamuzi wao. Sisi tumelifanya mahali pa kupeleka wachelewaji na wapiga kelele. Mtoto akishapalilia kwa adhabu miaka minne, utamweleza nini kuhusu kuitunza ardhi? Ukitaka ardhi iheshimiwe, nenda nao ukiwa na daftari, na wewe ushike jembe.

Upande wa pili wa bahati yetu ni kambi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka uliofuata wapigania uhuru wakaanza kupewa nafasi hapa Kongwa. Walikuwepo FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini, na wengine wa Angola na Zimbabwe. Samora Machel aliongoza kambi ya FRELIMO hapa kabla ya nguvu kuhamia kwenu Nachingwea. Walichota maji kwenye visima tunavyochota sisi, wengine walioa hapa, wengine wamezikwa hapa. Nchi yenyewe ilikuwa na uhuru wa miaka mitatu tu na haina kitu, na ilikuwa inakaribisha vita vya wenzake nyumbani kwake.

Kwa nini ilifanya hivyo? Hilo ndilo swali nililowaachia wiki nzima. Mmoja akaleta kutoka kwa babu yake ahadi ya mwana-TANU, aliyoikariri kwa kuisikia nyumbani: "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja." Tukaiandika ubaoni. Rafiki yangu, hao wanaotuambia uraia wa dunia ni fikra ngeni iliyoletwa na wafadhili wasome hiyo sentensi. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilitoa pendekezo lake la elimu ya amani na ushirikiano wa kimataifa mwaka 1974, likaandikwa upya Novemba 2023. Wazee wetu walikuwa wameshaitamka ahadi hiyo, na waliilipia. Mimi sitaki wanafunzi wangu waombe nafasi katika dunia wakati babu zao walishafungua mlango wakawapisha wengine waingie.

Kwenu somo hili lina jeraha, na ninajua unalijua kuliko mimi. Msumbiji ile ile iliyopiganiwa kutoka Nachingwea, tangu Oktoba 2017 imekuwa na vita Cabo Delgado, jimbo lake la kaskazini, na Oktoba 2020 vikavuka Ruvuma mpaka kijiji cha Kitaya, Mtwara. Huenda darasani una mtoto aliyepoteza ndugu. Usimlazimishe kusema. Ila pia usifundishe amani kama kitu tulichojaliwa Watanzania kwa asili, maana vijana wanajua si kweli. Mimi hapa nina Kiteto jirani, ambako wakulima, wengi wao waliotoka huku Kongwa, na wafugaji waliuana kwa ajili ya ardhi. Mkoa ni mwingine lakini watoto wao wanakaa dawati moja.

Nilichofanya ni mdahalo, nikabadilisha pande. Mtoto wa mfugaji asimame kama mkulima, wa mkulima awe mfugaji. Mwanzoni walicheka na kuigizana lafudhi, nikawazuia. Kisha kijana mmoja, baba yake ana ng'ombe wengi, akaanza: "Nilikopa fedha ya mbegu. Nimeamka nikakuta shamba la alizeti limeliwa usiku. Watoto wangu watakula nini mpaka mwakani?" Akanyamaza, akasema tena polepole, "Watakula nini?" Naye binti wa mkulima akamjibu kwa nafasi ya mfugaji kwamba njia ya kwenda kwenye bwawa imelimwa yote, ng'ombe wana kiu siku ya pili, sasa apite angani? Hawakupatana siku ile. Lakini waliorodhesha wenyewe mambo ya kuuliza serikali ya kijiji: mpango wa matumizi ya ardhi uko wapi, mapito ya mifugo yamepimwa, nani anakaa kwenye kamati. Nimewaahidi kwamba tutakwenda kwenye mkutano wa kijiji kusikiliza, na mwenyekiti amekubali. Kwangu hiyo ndiyo elimu ya amani. Kuimba wimbo wa amani kwenye sherehe nako ni kuzuri, lakini mtoto anayejua kuuliza mapito ya mifugo yako wapi atakuwa na kazi ya kufanya siku ugomvi ukianza.

Kuna na Kibaigwa, soko la mahindi. Wale watoto wanaijua dunia kwa bei ya gunia. Machi 2021 Kenya iliposimamisha mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri, nyumbani kwao waliisikia kabla ya redio kumaliza habari. Tulitumia vipindi viwili kujifunza kuanika mahindi juu ya turubai badala ya ardhini. Sumu hiyo iliwahi kuua watu huku Dodoma na Manyara mwaka 2016, kwa hiyo hatufanyi kwa ajili ya wanunuzi tu.

Najua utakutana na swali la mtihani. Utaambiwa haya hayatoki kwenye mtihani wa taifa. Mengi yanatoka, ukiyaangalia vizuri: udongo ni Jiografia, kambi ni Historia, sumukuvu ni Baiolojia, mdahalo ni Kiswahili. Mwonyeshe mkuu wako kwenye azimio la kazi, mada kwa mada. Wangu alikubali nilipomwekea mezani.

Bango litundike mwishoni mwa mwaka. Wape kalamu, waandike wenyewe chini ya kila lengo walichokiona kwa macho yao. Ambalo hawana cha kuandika, waliache wazi, nanyi mtajua pa kuanzia mwakani.

Nina ombi sasa. Tuunganishe madarasa yetu. Wangu wawaandikie wako barua za karatasi juu ya mashamba ya karanga ya Kongwa na kambi, wako wajibu juu ya mashamba ya Nachingwea na FRELIMO. Kila barua iwe na mzee mmoja aliyeulizwa, na iandikwe kama alivyosema yeye, bila kusahihishwa. Tutazituma bahasha moja kwa basi mpaka Dar, shemeji yako azipokee stendi na kuzipakia la kusini. Nimeshaongea naye. Wakiwa tayari, tuwaombe kila mmoja awe na rafiki mmoja upande wa pili.

Kwa hiyo nijibu kabla shule hazijafunguliwa Julai. Niambie una wanafunzi wangapi kwenye klabu, wasichana na wavulana, ili nipange idadi ilingane. Waulizie wazee wa hapo nani anaikumbuka reli, maana wangu hawaamini kama treni iliwahi kufika Nachingwea na ikang'olewa. Na kama una picha yoyote ya tuta lake lilipobaki, tuma kwa simu nikaichapishe mjini.

Wasalimie watoto na majirani wote.

Ndugu yako,
Mwalimu wa Kongwa