Vichujio vya mtandaoni vitenganishe “na” na “au”

Mhariri,

Anayetafuta nyumba ya kupanga hapa Lamu kwenye orodha za mtandaoni hutia tiki Shela, akatia na Langoni, kisha huambiwa hakuna nyumba hata moja. Nyumba zipo. Kilichokosewa ni namna vichujio, yaani zile tiki za kuchambua orodha, vilivyounganishwa.

Chanzo ni neno “na”. Ukimwambia dalali, “Niangalizie nyumba Shela na Langoni,” anaelewa kuwa popote kati ya hapo patakufaa. Kompyuta haielewi hivyo. Kwake “na” ni masharti yote mawili yatimie, na hakuna nyumba iliyosimama mahali pawili.

Kwa hiyo pale ambapo kitu huwa na jibu moja tu, kama mahali kilipo, tiki za kundi hilo ziunganishwe kwa “au”. Kundi na kundi ndiyo yaunganishwe kwa “na”. Tuseme orodha ina nyumba 12 za Shela na 9 za Langoni. Tiki mbili zilete 21. Ukiongeza jiko, na zenye jiko ni 5 Shela na 3 Langoni, zibaki 8.

Vifaa ni habari nyingine. Anayetia tiki feni na friji anavitaka vyote viwili, basi hapo ni “na”. Kujua orodha inafuata lipi ni rahisi: tia tiki ya pili katika kundi lile lile utazame idadi. Ikipanda, ni “au”. Ikishuka, ni “na”.

Yapo makundi yasiyo na jibu moja sahihi. Mwongoza watalii huweza kujua Kiitaliano na Kiingereza pia. Mgeni mmoja anahitaji lugha yoyote kati ya hizo, familia nyingine inazihitaji zote. Hapo tovuti isibahatishe. Iweke kitufe cha “yoyote” na cha “zote”.

Wajenzi wengi wa tovuti hukwama kwenye idadi inayoandikwa kando ya kila chaguo. Aliyekwisha kuchagua Shela na jiko asione 0 kando ya Langoni, wala asione 9. Aone 3, yaani nyumba za Langoni zenye jiko. Idadi za kundi la mahali zifuate tiki za makundi mengine yote, ila zisifuate tiki za kundi hilo lenyewe. Zikifuata, kila mtaa usiochaguliwa utaonekana mtupu, na mwenye nyumba Langoni atakosa mpangaji bila kujua sababu.

Kundi lisilotiwa tiki yoyote liachwe nje ya hesabu kabisa. Na kabla ya yote hayo, majina yasawazishwe: Shela huandikwa pia Shella, na kompyuta ikiyaona kama mahali pawili, aliyechagua moja hatazipata nyumba zilizoandikwa kwa jina la pili.

Mjenzi wa tovuti,
Mkomani, Lamu