Pikapu ya zamani inapoteleza gia, ipimwe kwanza ndipo ifunguliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala ya safu yenu ya magari iliyowashauri wenye pikapu za zamani za otomatiki kwamba, gia zikianza tu kuteleza, dawa ni kushusha giaboksi na kubadilisha klachi zote. Sina ugomvi na mwandishi, kwani kweli zipo giaboksi zilizokwisha ambazo haziponi kwa njia nyingine. Lakini nina pikapu ya aina hiyo, yenye gia tatu na isiyo na kompyuta yoyote, na nusura nishushe giaboksi ambayo haikuwa na kosa.

Tuanze na maana ya kuteleza kwenyewe. Katika giaboksi ya otomatiki kila gia inashikwa na pleti za klachi au bendi (mkanda wa chuma), na pleti hizo zinabanwa na presha ya oili inayosukumwa na pampu. Pleti zisipobana sawasawa zinasuguana bila kushikana, ndipo dereva anapokanyaga mafuta akasikia injini inapanda resi huku gari likienda mwendo ule ule. Kwa hiyo kosa linaweza kuwa kwenye pleti zilizolika, au kwenye presha isiyotosha kuzibana, na aliyekaa nyuma ya usukani hawezi kutofautisha mambo hayo mawili kwa kusikiliza tu. Ubaya ni kwamba presha hafifu ikiachwa iendelee huziunguza pleti zilizokuwa nzima, kwa hiyo anayeahirisha kupima hatimaye atamfanya fundi aliyeihukumu giaboksi mapema aonekane alisema kweli.

Kipimo cha kwanza ni cha oili, na hapa ndipo nilipopotezwa. Fundi wa kwanza alichomoa dipstiki injini ikiwa imezimwa, akaniambia oili imejaa. Katika pikapu nyingi za zamani kipimo hicho hakifai kitu, kwa kuwa injini inapozimwa oili iliyokuwa ikizunguka hurudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) na kuonekana nyingi kuliko ilivyo. Gari liendeshwe kwanza mpaka oili ipate moto, liegeshwe mahali tambarare, injini iachwe ikinguruma kwa sailensa (bila kukanyaga mafuta), lever ipitishwe polepole kwenye gia zote kisha irudishwe kwenye P, ndipo dipstiki ichomolewe, ifutwe, irudishwe na kuchomolewa tena. (Yapo magari yanayopimwa yakiwa nyutro, na yapo yanayopimwa injini ikiwa imezimwa, kitabu cha gari ndicho mwamuzi.) Mimi niliporudia kipimo kwa utaratibu huo, upande mmoja wa dipstiki ulikuwa umelowa mpaka karibu na alama ya juu, upande wa pili ulikuwa mkavu mpaka chini ya alama ya kuongezea. Upande ulioonyesha kidogo ndio unaosema kweli, kwa sababu ule mwingine umepakwa na oili iliyoganda kwenye kuta za bomba la dipstiki.

Wakati huo huo oili idondoshewe kwenye kitambaa cheupe. Iliyo nzima huwa nyekundu na haina harufu kali. Iliyogeuka kahawia nzito na kunuka kitu kilichoungua imepata joto kutokana na pleti zinazosuguana. Iliyo na rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa imeingiliwa na maji, mara nyingi kupitia kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta, na gari la namna hiyo lisiendeshwe hata kidogo zaidi, maana maji hubandua karatasi za klachi. Yenye povu huenda imejazwa kupita kiasi, na povu nalo huleta kuteleza, kwa sababu hewa haibani pleti. Sioni mantiki ya kumimina oili nzito au dawa za chupa ndani ya giaboksi kabla ya mambo haya kuangaliwa.

Oili yangu ilikuwa nyekundu na safi, ila pungufu kwa karibu lita moja. Niliongeza, kuteleza kukaisha, na baada ya majuma machache kukarudi. Chini ya gari hapakuwa na tone hata moja. Wakati huo injini ilikuwa imeanza kutoa moshi mweupe kwenye ekzosi, na fundi wa pili, kwa uhakika uleule wa mwenzake, akasema ringi za pistoni zimekwisha. Sasa nikawa na giaboksi iliyokufa na injini inayokaribia kufa.

Ukweli ulikuwa kwenye kifaa kidogo kiitwacho modyuleta ya vakyumu, kilichofungwa kwa bolti moja ubavuni mwa giaboksi, ambacho giaboksi nyingi za gia tatu za Marekani, kama TH350 na TH400 za General Motors na C6 ya Ford, zinakitumia. Kazi yake ni kupokea uvutaji wa hewa kutoka injini kupitia mpira mwembamba ulio kama bomba, ili giaboksi ijue injini imebebeshwa mzigo kiasi gani na ipandishe presha kulingana na mzigo huo. Ndani yake mna utando wa mpira. Utando ukichanika, injini huifyonza oili ya giaboksi kupitia mpira ule ule na kuichoma, ndiyo maana oili inapungua bila kudondoka chini na ekzosi inatoa moshi. Kuligundua hilo hakuhitaji mashine: unachomoa mpira kwenye kifaa hicho na kuchungulia ndani yake. Wangu ulikuwa na oili nyekundu. Nilibadilisha kifaa nikiwa nimelala chini ya gari, kwa spana moja, na moshi na kuteleza vyote vikakoma.

Giaboksi nyingine za wakati ule hazina kifaa hicho bali zina kebo inayotoka kwenye throto (valvu inayofunguka unapokanyaga mafuta). Kwenye 700R4 ya General Motors, iliyoanza kutumika mwaka 1982, kebo hiyo ikilegea presha hushuka, na pleti zinaweza kuungua katika safari moja tu ya mzigo. Aliyebadilisha kabureta na kuifunga kebo kwa kukisia ajue kwamba ndipo pa kuanzia kutafuta.

Oili ikiwa sawa na kebo au utando ukiwa mzima, kuna kipimo ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachotenganisha fundi na mkisiaji, nacho ni geji ya presha. Giaboksi karibu zote za aina hii zina tundu lililozibwa kwa bolti kwa ajili ya kazi hiyo. Geji iwe ya kufika 300 psi (paundi kwa inchi ya mraba), kwa kuwa presha ya rivasi inaweza kupita 200 psi, nayo isomwe katika kila gia, kwa sailensa na kwa resi, kisha ilinganishwe na kitabu. Presha ikiwa chini katika gia zote, kinachoshukiwa ni filta iliyoziba, pampu au valvu inayoirekebisha presha, na filta hubadilishwa kwa kufungua sampu tu. Ikiwa chini katika gia moja, kuna sili inayovujisha ndani kwenye njia ya gia hiyo. Ikiwa sawa kila mahali na gari bado linateleza, hapo pleti ndizo zilizokwisha na giaboksi ishushwe bila kuchelewa.

Dereva naye ana ushahidi wa kutoa, akisema ni gia gani hasa inayoteleza. Kwenye TH350 na TH400, klachi moja ndiyo inayoshika gia ya tatu na rivasi, kwa hiyo gari likiteleza katika gia hizo mbili na kushika vizuri katika ya kwanza na ya pili, klachi inayotafutwa inajulikana kabla bolti haijaguswa. Vilevile, mtikisiko unaotokea kwenye mwendo wa barabara kuu, unaokatika ukigusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto bila kuachia mafuta, kwa kawaida ni wa klachi ya ndani ya toki-konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) wala si wa gia zenyewe. Kwa pikapu zenye kompyuta sina la kusema sana: taa ya ovadraivu ikimetameta, hitilafu zisomwe kwanza, ila ikumbukwe kuwa zinaonyesha mahali pa kutazama tu.

Kuhusu jaribio la kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja gia ikiwa kwenye D, ambalo makala ilipendekeza lifanywe mwanzoni, mimi ningeliweka mwisho kabisa. Likizidi sekunde tano oili huchemka, na giaboksi iliyokuwa inateleza kidogo inaweza kuungulia hapo hapo gereji.

Ombi langu kwa mwandishi wa safu hiyo ni kwamba atakaporudi kwenye mada hii aeleze geji inafungwaje na wapi, na kwa mafundi ni kwamba wampe mwenye gari namba za presha zikiwa zimeandikwa, gia kwa gia, kabla ya kumwomba ridhaa ya kushusha chochote.

Wako,
Mwenye pikapu ya gia tatu