Wanafunzi wetu wanaijua kazi ya jamii kama adhabu

Ndugu Mhariri,

Asubuhi moja mwezi Oktoba nilipita kwenye shule moja hapa Moshi, jina lake nitaliacha. Vijana wanne wa kizungu walikuwa wanapaka ukuta wa darasa rangi ya bluu, wamejifunga vitambaa vya kitenge kichwani, wanacheka. Hawa wamekata tiketi ya ndege na kulipa wakala ili waje kufanya kazi ile. Hatua chache kutoka pale wavulana watatu wenye sare walikuwa wanafyeka majani kimya kimya. Nikamuuliza mmoja kulikoni. Akajibu bila kuinua kichwa, "Tulichelewa namba, babu," yaani mstari wa asubuhi.

Sina ugomvi na wageni. Wanakuja kwa moyo, na ukuta ule ulihitaji rangi. Kilichonikera ni wale watatu. Wote walikuwa wanaifanyia kazi shule ileile, ila wanafunzi wetu wenyewe tumewafundisha kwamba anayeshika fyekeo ni mkosaji.

Wazee wetu hawakuipanga hivyo. Kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa kusafisha mfereji, huku milimani, aliyetozwa ni yule ambaye hakufika. Aliyefika alikunywa mbege, pombe ya ndizi, na wenzake jioni. Shuleni tumegeuza: mtoto mwema anabaki darasani, mtukutu anapelekwa kumwagilia bustani. Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, ilitaka shamba la shule liwe sehemu ya somo, lakini mahali pengi liliishia kuwa mahali pa kumtuma aliyepiga kelele. Nisijitoe. Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini, na nilipokuwa mwalimu wa zamu nilifanya hayohayo, tena bila kufikiri mara mbili.

Ninajua inaweza kuwa vingine kwa sababu niliyaona. Desemba 1970 Mwalimu Nyerere alizitaja wilaya sita ambazo alitaka zifute ujinga wa kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa mwaka 1971, na Kilimanjaro ilikuwamo. Nilikuwa darasa la saba. Mwalimu wetu alitugawa wawili wawili tukawafundishe watu wazima jioni, chini ya taa ya karabai. Mwanafunzi wangu alikuwa bibi mmoja mkulima wa kahawa. Nilimwandikia "baba", "mama", "kuku". Alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akafungua pindo la kanga, akatoa stakabadhi ya chama cha msingi cha ushirika, alikouza kahawa yake, iliyokunjwa mpaka imeanza kuchanika, akasema nifundishe hii.

Sikuweza. Nilizijua herufi, sikujua "malipo ya awali" ni nini wala "makato" yanatoka wapi. Kesho yake nikampelekea mwalimu wa hesabu. Yule mzee (Mungu amrehemu) akaichora stakabadhi yote ubaoni, akafuta jina la bibi, na wiki nzima darasa zima likapiga hesabu za asilimia kwa kahawa yake. Bibi akajifunza kusoma kilo zake mwenyewe kabla ya kuondoka kwenye mizani. Mimi nikaijua asilimia, na mpaka leo sijaisahau.

Sasa niambie, Mhariri, kijana wa leo anayetaka kufanya vile anaanzia wapi?

Mjukuu wangu alimaliza kidato cha nne Novemba. Kidato cha tano kinaanza Julai. Hiyo ni miezi saba, na nyumba nyingi hapa Pasua na Majengo zina kijana wa aina hiyo, amelala na simu kifuani. Wa kwangu alisema anataka kusaidia siku za kliniki ya watoto kwenye zahanati moja: kupanga foleni, kuita majina, kuwasaidia akina mama wasioona vizuri maandishi ya kadi. Akaambiwa alete barua ya utambulisho. Akaenda ofisi ya mtaa, akarudi mara tatu ndipo akapata mhuri. Alipoipeleka, mhusika akamuuliza, "Nani amekutuma?" Akasema hajatumwa. Akaulizwa kama anategemea posho. Akasema hapana. Hapo ndipo wasiwasi ulipozidi! Akaambiwa ataitwa.

Sitaki nieleweke vibaya. Wapo wahitimu wa ualimu wanaojitolea mwaka wa pili, wa tatu, wakifundisha vipindi vilevile vya mwalimu aliyeajiriwa, na mfukoni hawana nauli ya kesho. Hilo lina jina lake, na si kujitolea. Ninayoomba ni kazi ya saa nne kwa wiki, yenye mwalimu anayeiangalia na somo linaloihusu. Na kwa mabinti, mzazi aambiwe wako wapi na nani yupo nao.

Kazi zenyewe hazihitaji mfadhili. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kukaa na watoto watatu wa darasa la pili wasiojua kusoma, kila Ijumaa, shule ya jirani. Darasa la jiografia likaufuate Mto Njoro kwa miguu, liandike panapotupwa taka, kisha liyasome mbele ya mkutano wa mtaa na watu wazima wasikie. Ambao hawajatimiza miaka 18 hawana kura, lakini ripoti wanaweza kuandika. Wa kidato cha sita waliotimiza umri huo na wenye kilo 50 au zaidi wanaweza kuchangia damu, na mwalimu wa baiolojia akaanza na makundi ya damu siku hiyohiyo. Chuo Kikuu cha Ushirika kiko hapahapa mjini. Wanafunzi wake wanaosoma hesabu za vyama wangekaa jioni moja na akina mama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, wapitie daftari la kikundi, nadhani pande zote mbili zingeshangaa.

Ninawaomba wakuu wa shule jambo moja dogo muhula huu: mtafute adhabu nyingine ya kuchelewa namba, na fyekeo mlitoe kwenye orodha hiyo. Watendaji wa mitaa nao wafungue daftari moja, waandike kazi zilizopo na simu ya mtu wa kumwona, ili kijana asiulizwe tena katumwa na nani.

Mjukuu bado hajaitwa. Barua iko kabatini ndani ya bahasha yake, na siku hizi jioni anamsomesha mtoto wa jirani mezani kwangu. Jana walikuwa wanapiga hesabu kwa risiti ya luku.

Mwalimu mstaafu,
Pasua, Moshi