Mizani ya mafuta inakisia, haichungulii ndani ya mwili

Ndugu Mhariri,

Mizani za kioo zinazodai kupima mafuta ya mwili zimeingia majumbani hapa Mtwara, na wapo wanaoziweka hata kando ya barabara: unalipa, unapanda, unatajiwa asilimia. Naomba nafasi nieleze asilimia hiyo inatoka wapi, maana kuna watu wanaacha kula kwa sababu ya namba wasiyoijua ilivyopatikana.

Uzito mizani inaupima kweli. Mafuta haiyapimi. Vile vibati unavyokanyaga vinapitisha umeme hafifu sana, chini ya miliampia 1, unaopanda mguu mmoja, ukapita nyonga na kushukia mguu wa pili. Misuli ni maji karibu robo tatu, tena maji yenye chumvi, kwa hiyo umeme unapita kirahisi. Mafuta yana maji kidogo, yanauzuia. Mizani inasoma ukinzani huo, inauchanganya na urefu, umri, jinsia na uzito wako, kisha inapiga hesabu. Kifua na mikono umeme haukufika kabisa, huko ni kukisia tu. Zile zenye mshikio wa mikono zina nafuu. Mwenye shaka aingie kwenye programu ya simu, ajiongezee miaka 20, apande tena. Kwa mizani nyingi asilimia itabadilika palepale, na mwili ni uleule.

Kinachoharibu kipimo zaidi ni maji, na kwa joto letu hili hilo si jambo dogo. Aliyeshinda juani akiokota korosho, jioni mwili umekauka, ukinzani umepanda, anasomewa mafuta mengi kuliko aliyonayo. Akinywa lita 1 ya maji na kupanda saa hiyohiyo mambo hayatengemai: kilo 1 imeongezeka, maji bado yako tumboni ambako umeme wa miguuni hauyaoni, na sehemu kubwa ya kilo hiyo inaandikwa mafuta. Anayetoka kukimbia, ngozi ikiwa ya moto, mara nyingi hupata kinyume chake, mafuta yanaonekana yamepungua. Wakati wa Ramadhani usilinganishe kipimo cha kabla ya futari na cha asubuhi ya miezi mingine. Wanawake nao hujaa maji kuelekea hedhi, hivyo walinganishe siku zinazofanana za mzunguko.

Halafu nyayo. Kisigino chenye magaga ni ngozi kavu, nene, isiyopitisha umeme vizuri. Mizani itaongeza mafuta au itagoma kutoa jibu. Osha miguu, sugua magaga, panda nyayo zikiwa na unyevu kidogo. Mafuta ya nazi yapakwe baada ya kupima. Kisigino kikae juu ya kibati cha nyuma, mbele ya unyayo juu ya kibati cha mbele, na mapaja yasigusane, kwani yakigusana umeme unakata njia ya mkato.

Pima asubuhi, umeshatoka chooni, hujala wala kunywa, juu ya saruji au vigae. Mkeka na zulia vinapotosha hata uzito. Chukua asubuhi 3 za wiki, tafuta wastani, andika kwenye daftari. Kupanda na kushuka kwa asilimia 1 au 2 kati ya leo na kesho hakuna maana yoyote.

Daftari hilo ndilo lenye faida. Mtu wa kilo 80 mwenye asilimia 30 ana kilo 24 za mafuta na 56 za vingine vyote: misuli, mifupa, maji. Baada ya miezi 2 akiwa na kilo 77 na asilimia 28.5, mafuta ni kama kilo 22, vingine 55. Kwa hesabu hiyo kilo 2 zilizotoka ni mafuta na 1 ni maji au misuli. Anayeacha ugali ghafla asishangilie wiki ya kwanza: kila gramu ya wanga uliohifadhiwa mwilini hushika maji kama gramu 3, na hayo ndiyo yanayotangulia kutoka. Anaweza hata kuona asilimia ya mafuta ikipanda huku uzito unashuka.

Namba ya “mafuta ya tumboni” na ile ya “umri wa mwili” mimi nisingezihangaikia. Futi kamba ya fundi cherehani inasema zaidi. Izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa hatari kuanza kupanda kwenye sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke.

Kwa wanaopima watu kwa malipo nina ombi. Wavueni viatu na soksi, wekeni beseni la maji na kitambaa, ingizeni umri na urefu wa anayepanda, si wa mteja aliyetangulia. Mtoto na mjamzito wapimieni uzito tu, hesabu ile haikutengenezwa kwa ajili yao. Na kabla mtu hajapanda, muulizeni kama amewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Akisema ndiyo, asikanyage vibati hivyo, mtafutieni mizani ya kawaida ya mshale.

Fundi wa vifaa tiba,
Shangani, Mtwara