Tuhesabu kwa uwiano

Mhariri,

Zikitajwa nchi za Afrika zenye wanafunzi wengi wa vyuo vikuu ughaibuni, Nigeria huwa juu. Ni haki yake, ina watu zaidi ya milioni 200! Lakini tazameni jirani zetu wa Komoro: hawafiki milioni moja, chuo kikuu chao kilianza 2003 tu, na vijana wao wamejaa Ufaransa, Madagaska na Senegal. Kwa uwiano, wao wanaipita Nigeria mbali sana.

Na sisi Wazanzibari? Kijana wa Wete anayesoma Dar es Salaam amevuka bahari, ila kitakwimu hajatoka nchini. Naiomba Wizara ya Elimu itangaze idadi ya waliosafiri, Unguja na Pemba mbali mbali, na wangapi wanarudi. Tangu 2023 tuna kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, hapa Zanzibar. Bila takwimu hizo, tutajuaje kama imepunguza safari za India?

Msomaji,
Chake Chake, Pemba