Kwa wifi yangu, popote ulipohamia

Wifi,

Neno hilo umelisubiri miaka sita. Naliandika huku hadharani kwa sababu simu zangu hupokei.

Zile Jumapili kwenye majani ya maktaba pale Swanston Street, hapa Melbourne, kaka akitukalisha karibu na sanamu ya Redmond Barry, nilidhani anajionyesha usomi tu. Jaji huyu ndiye aliyehangaikia maktaba mpaka ikafunguliwa mwaka 1856, aliyezidi miaka 14 akiingia bure mradi mikono ni misafi. Ndiye mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Melbourne. Ndiye pia aliyemhukumu Ned Kelly, yule jambazi ambaye nguo zake za chuma zimewekwa humo humo ndani. Kelly alinyongwa tarehe 11 Novemba 1880, na siku 12 baadaye jaji naye akafa. Kisha kaka anashusha sauti: jaji alizaa watoto wanne na Louisa Barrow, hakumuoa, na wamezikwa kaburi moja. Anakutazama wewe. Mimi nikasema chai inapoa.

Wasifu wa marehemu niliuandika mimi, usiku, mezani kwenu, wewe ukiwa chumbani na mtoto. Kesho yake nikausoma kanisani: "Ameacha mtoto mmoja." Nikaendelea na wazazi. Mwanao akauliza, kanisa zima likasikia, "Na mama?" Ukamziba mdomo, ukasimama, mkatoka.

Ungenitukana baadaye. Ungenipiga hata. Lakini kumwacha kaka yangu anafukiwa wewe haupo, hata konzi moja ya udongo! Hilo, wifi, linanikaba hadi leo.

Mjane ni neno zito. Kwenu hakuna mshenga aliyebisha hodi, mahari haijatoka hata shilingi, na baba mkubwa alikuwa anasikiliza kwenye simu kutoka Muheza. Ningesema nini? Ugenini huku mkubwa ni mimi, anayeulizwa ni mimi. Na nilikuambia mara ngapi umhimize alete posa? Wasichana mnaosoma hapa, msikubali kukaa na mtu mkingoja mambo yakae saw... Basi. Siongei nao, naongea na wewe.

Baba mkubwa kabla hajakata simu aliuliza jambo moja tu: mke wa marehemu anaendeleaje? Nikamjibu amepumzika.

Sufuria yako kubwa ya pilau ninayo, mfuniko nao upo. Shangazi mtu namkumbuka mtoto, nisikufiche. Kiatu alichokiangusha siku ile bila shaka hakimtoshi tena.

Fundi wa jiwe la kaburi amenitumia karatasi ya kujaza. Kuna mstari wa jina la mke. Miaka yote nilikuita "yule", na jina lako la pili sijui kama lina herufi moja katikati au mbili. Niandikie.