Gari imekwisha kuungua, mbona mnatoza pesa kuitazama?

Malalamiko ni yale yale, inabadilika sauti tu. Mteja analeta kwenye gereji yetu hapa Unguja gari iliyoungua mbele, anaambiwa ukaguzi wa kutafuta chanzo cha moto ni shilingi 150,000, anaruka: "Kutazama tu? Si shoti hiyo, hata mtoto anaona." Na akishalipa, karatasi ikatoka imeandikwa kuwa chanzo hakijulikani, basi sisi tumeshakuwa wezi. Tunaandika haya ili anayekuja ajue analipia nini kabla hajatoa pesa.

Tuanze na hiyo shoti. Chini ya boneti iliyoungua, waya zenye tone la shaba iliyoyeyuka hupatikana karibu kila mara, hata kama moto ulianza kwenye petroli. Moto ukila mpira wa waya wenye umeme, shaba inagusa bodi, inapiga cheche, inayeyuka. Shoti hiyo ni mtoto wa moto, si mama yake. Fundi anayekuonesha tone moja na kukwambia "ndipo hapa" hajakwambia kitu.

Kinachosema kweli ni mpangilio wa matone. Umeme unatoka betri, unapita fyuzi, unakwenda kwenye taa au pampu. Waya ukipiga shoti mahali na kukatika, mbele ya pale umeme hamna tena, kwa hivyo shoti nyingine haiwezi kutokea huko. Moto ukirudi nyuma kuelekea betri unaacha tone jengine, na jengine. Lile lililo mbali kabisa na betri katika njia hiyo moja ndilo lililo karibu na mwanzo. Ili kulipata, tita zima la nyaya linafunguliwa, kila waya unafuatwa kwa mkono na kupigwa picha. Hiyo ni kazi ya saa tano au sita, na haifanywi kwa kusimama na tochi.

Halafu kila tone linatazamwa kwa lenzi. Tone la umeme ni dogo, la mviringo, linang'aa, na sentimita moja tu kutoka hapo waya bado una mistari yake ya kiwandani. Waya ulioyeyushwa na moto wenyewe umekonda kwa urefu, kama mshumaa uliotiririka. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi joto 1085, alumini kwenye 660. Kuna mtego hapo: alumini iliyoyeyuka ikidondokea waya wa shaba huila ile shaba chini kabisa ya joto lake la kuyeyuka, na asiyejua ataapa kuwa ni shoti. Gari hizi zina alumini tele juu ya injini.

Kabla ya nyaya tunasoma bodi. Moto ulioanzia injini hupenya matundu ya ukuta wa chuma ulio baina ya injini na dashibodi, na kioo cha mbele huanza kuharibika kwa chini, mara nyingi upande mmoja. Ulioanzia ndani hupanda kwenye dari, kioo kikaanza kuachia juu, na moto ukatoka na kuchora boneti kwa nje. Rangi ya boneti iliyoungua mpaka bati likawa jeupe inaonesha penye joto kubwa, lakini penye joto kubwa si lazima pawe mwanzo. Huenda palikuwa na dumu la oili tu.

Huku kwetu, kwa maoni yetu, adui wa kwanza si petroli. Ni chumvi. Gari inayobeba samaki kutoka Nungwi au Mkokotoni, barafu ikayeyuka na maji yakachuruzika chini ya sakafu, au gari inayolala pwani ya Paje usiku hadi usiku, erthi yake huoza kimya kimya. Erthi ni ule mkanda wa shaba unaounganisha injini na bodi na kichwa hasi cha betri. Stata ikiwasha injini inavuta ampea 100 mpaka 200, na umeme wote huo lazima urudi betri. Njia yake ya halali ikioza, unapita njia za panya: kebo ya eksileta, kebo ya gia, hata waya wa hendibreki. Kebo ya eksileta ni uzi wa chuma mwembamba. Ukipitishwa ampea mia unapata moto, mpira wake unalainika, na mteja anakuja kulalamika kuwa eksileta imekuwa nzito. Akiambiwa abadilishe erthi anacheka, anaona anauziwa asichokihitaji.

Kipimo chake ni cha dakika mbili. Mita inawekwa kwenye volti, ncha moja kwenye chuma cha injini, nyengine kwenye kichwa hasi cha betri, mtu anapiga stata. Ikionesha chini ya volti 0.2, salama. Ikipita 0.5, mkanda ufunguliwe, bodi isuguliwe mpaka chuma king'ae, mkanda mpya ufungwe, kisha grisi juu ili hewa ya bahari isiingie. Kwetu ni shilingi 25,000 pamoja na mkanda.

Kiungo kilicholegea ni ndugu wa hilo, na watu hawakiogopi kwa sababu "fyuzi ipo". Fyuzi haikioni. Chukua soketi ya taa yenye ukinzani wa omu 0.1 kwa sababu ya kutu ya kijani, umeme wa ampea 20 ukipita: 20 mara 20 mara 0.1, unapata wati 40 za joto mahali padogo kama ncha ya kidole. Ni sawa na chuma cha kulehemu redio kilichoachwa ndani ya plastiki. Ampea hazijazidi hata moja, kwa hivyo fyuzi inakaa inatazama.

Tukija kwenye fyuzi yenyewe, hapa ndipo penye njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi. Ya buluu, ampea 15, imekatika. Mwenyewe anatia nyengine, inakatika. Mara ya tatu anatia ya kijani, 30. Ikikosekana anatia karatasi ya pakiti ya sigara, au uzi wa shaba uliokatwa kwenye waya wa spika. Taa zinawaka, safari inaendelea, na fundi aliyetaka 40,000 kutafuta kasoro anaonekana tapeli.

Fyuzi imewekwa kulinda waya. Kiwandani wamechagua waya wa milimita mraba 0.85, wakaupa fyuzi ya 15 kwa sababu waya huo ndani ya tita lenye wenzake hauwezi kuhimili zaidi sana ya hapo kwa muda mrefu. Na hata ile ya 15 si ya papo kwa papo kama watu wanavyodhani: ikipitishwa ampea 20 inaweza kukaa hadi dakika kumi ndipo ikatike. Sasa tia ya 30. Waya wenyewe ndio utakaokuwa fyuzi, na utakatikia popote, pengine nyuma ya dashibodi penye sponji na vumbi la miaka kumi na tano ya Japani na Unguja.

Balbu kubwa ni hadithi hiyo hiyo. Mbili za wati 55 zinavuta ampea 9 hivi. Mbili za wati 100 zinakaribia 17, kwenye waya na swichi zile zile. Anayetaka mwanga mkali tunamfungia rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa: waya wa milimita mraba 2.5 kutoka betri, fyuzi ya 25 isiyozidi sentimita 30 kutoka kichwa cha betri, swichi ya zamani ikaachiwa kazi ya kuamsha rilei tu. Ampulifaya ya redio nayo hivyo hivyo, kwa waya mnene zaidi, kwani wati 1000 halisi ni zaidi ya ampea 80. Fyuzi iliyowekwa kule nyuma karibu na ampulifaya hailindi kitu. Mita tatu za waya zinazopita chini ya kapeti ziko uchi, bila fyuzi, kwa upande wa betri. Na panapopita waya kwenye tundu la bati pawe na mpira wa tundu. Bila mpira huo, bati ni msumeno na mtikisiko wa barabara ndio mkono wake.

Viungo vya kusokota na tepu nyeusi hatufungi. Joto la injini linalainisha gundi ya tepu, inajifungua yenyewe. Tunalehemu kwa risasi au tunabana kwa kibano, kisha mpira unaosinyaa kwa moto. Kiungo kimoja shilingi 3,000. Ndiyo, tepu ni ya mia tano.

Upande wa mafuta. Kirikuu ya zamani ya kabureta inasukuma petroli kwa shinikizo dogo, kama 0.3 ya bar. IST, Noah, Vitz zenye injekta zinasukuma karibu bar 3, mara kumi yake, na shinikizo linabaki ndani ya bomba hata ukishazima. Bomba la mpira la kabureta ukilifunga kwenye gari ya injekta litakaa wiki, mwezi, kisha linavimba na kurusha petroli kama bomba la kunyunyizia bustani. Soma maandishi juu ya mpira: la injekta lina alama ya R9. R6 na R7 ni ya kabureta. Mteja anayeleta bomba lake mwenyewe kutoka sokoni Darajani kwa kuwa letu ni ghali, tunalisoma mbele yake, na likiwa si R9 hatulifungi hata akinuna.

Petroli hutafuta cheche. Oili hutafuta eksozi. Mvuke wa petroli huwaka kwa cheche ndogo tu, lakini ikimwagika juu ya chuma cha moto mara nyingi huruka hewani kabla haijawaka. Oili ya injini na oili ya giaboksi ni nzito, inakaa pale pale juu ya manifodi ya eksozi mpaka ishike. Gasketi ya kifuniko cha juu inayovuja, mfuniko wa oili ulioachwa wazi, giaboksi iliyojazwa kupita alama ikatema kwenye eksozi, kitambaa kilichosahauliwa baada ya sevisi: hizo ndizo. Gari huweza kuwaka dakika chache baada ya kusimama, kwani upepo wa mwendo umekatika na joto la eksozi bado lipo.

Panya wa makumbi wasidharauliwe. Hujenga juu ya injini na kutafuna waya. Betri iliyofungwa kwa kipande cha tairi ikiruka na kugusa boneti ni moto. Kule Pemba wakati wa karafuu, kuegesha juu ya makonyo makavu, vile vikonyo vya karafuu, na eksozi ikiwa bado ya moto ni kujitafutia.

Kuna na gari iliyozimwa, imelala, ikawaka usiku. Hapo hasidi hutajwa kabla ya betri. Lakini gari ina njia kadhaa za umeme zisizolala hata ufunguo ukiwa mfukoni. Huko Marekani Ford iliita magari zaidi ya milioni 10 yarudi kurekebishwa kwa ajili ya swichi moja ndogo ya kukata kifaa kinachoshikilia mwendo bila mguu kwenye eksileta (cruise control): oili ya breki ilipenya ndani yake, na swichi ilikuwa na umeme saa zote. Harufu ya petroli kwenye gari iliyoungua nayo haithibitishi kuwa imemwagiwa. Gari ina tangi lake.

Ndiyo maana wakati mwengine tunaandika "hakijulikani". Mwongozo wa NFPA 921 wa Marekani, ambao wachunguzi wa moto wengi duniani wanaufuata tangu 1992, unakataza kutangaza chanzo kwa kuwa tu vyengine vyote umevikosa. Lazima pawe na ushahidi wa kitu chenyewe. Gari iliyoungua yote mpaka magurudumu ya alumini yakatiririka mara nyingi haina tena wa kusema. Tunalipwa kwa kazi, na kampuni ya bima ikiiona karatasi iliyoandikwa "shoti" bila picha wala kipimo, inaitupa. Mwenye bima ndogo, ile ya kumlinda mtu mwengine tu, ajue kuwa gari yake ikiungua hailipwi, tuandike tusiandike.

Linaloharibu jibu zaidi ni yanayofanywa kabla gari haijatufikia. Wanaivuta kwa kamba, wanaiosha kwa maji, wanachomoa alternata ikauzwe, wanakata nyaya "zisipige shoti tena". Kama moto unaanza na wewe upo: zima ufunguo, watoe watu, simama mbali, waite Zimamoto. Boneti usiifungue wazi, hewa ikiingia ghafla moto unakurukia. Iachie ufa wa vidole viwili, pulizia unga wa mtungi hapo na kwa chini. Ukishazimika, toa kichwa hasi cha betri ikiwezekana, basi. Piga picha kwenye pembe nne kabla ya kuisogeza, na mwenye bima kubwa aiarifu bima yake kabla fundi yeyote hajagusa, sisi tukiwemo.

Tutakuuliza maswali mengi: moshi ulitokea upande gani na ulinuka nini, sukari, mpira au mafuta, injini ilikuwa inaunguruma au imezimwa kwa dakika ngapi, taa zipi zilikuwa zinawaka, nani aliigusa mwezi uliopita na alifunga nini. Njoo na dereva aliyekuwemo, si mwenye kadi peke yake. Na ile fyuzi uliyoichomoa, hata kama ni karatasi ya sigara, iweke kwenye mfuko wa nailoni uje nayo.